Bango la duka Mbeya: piga hesabu kabla ya kumpa fundi advansi

Bango langu la kwanza nilitundika Mwanjelwa mwezi Novemba. Agosti iliyofuata nilifika dukani asubuhi nikakuta nusu yake imejisokota kwenye waya za jirani, nusu nyingine inapepea kama kanga iliyosahaulika kambani. Ilikuwa fleksi (turubai la plastiki linalochapishwa maandishi na picha) juu ya fremu ya mbao, imepigwa misumari. Fundi aliniambia siku ile, "Bosi, hii miaka mitatu huigusi." Sikuwa na sababu ya kugombana naye sana, kwa sababu swali nililomuuliza lilikuwa moja tu: shilingi ngapi? Sikuuliza litadumu muda gani, litashikiliwa na nini, wala ada yake inalipwa wapi.

Tangu hapo nimesimamia mabango mengine manne: mawili yangu, moja la ndugu yangu aliyeko Makambako, na moja la shemeji Tukuyu. Kila moja limenifundisha kitu kuhusu pesa. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazofuata sasa, kwa mpangilio huu huu, maana ukizigeuza (wengi huanza na rangi na picha) utalipa mara mbili.

Hatua ya 1: Simama anaposimama mteja

Kabla hujaingia kwa mchapishaji, vuka barabara uliangalie duka lako. Nani unataka alisome bango? Mtu anayeshuka daladala kituo cha Mama John na kutembea kwa miguu? Dereva wa lori anayetoka Tunduma? Au mama wa mtaa wa pili ambaye tayari anakujua na anataka tu kujua kama umefungua? Huyo wa mwisho hahitaji bango la laki tano. Kibao cha mlangoni kinamtosha.

Watengeneza mabango wana kanuni ya kukadiria: kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi zinasomeka bila shida umbali wa mita 3. Herufi ya sentimita 10 inamtosha mtu aliye mita 12. Akiwa mita 30, unahitaji sentimita 25. Zaidi ya hapo herufi bado zinaonekana, lakini kuonekana siyo kusomeka.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ukitaka abiria apate sekunde tatu za kusoma, aanze kuliona bango akiwa mita 42 hivi, na hapo kimo cha herufi kinakwenda sentimita 35. Sasa weka hiyo kwenye upana. Herufi nene za kawaida, pamoja na nafasi kati yake, hula upana wa kama robo tatu ya kimo chake. Bango la futi 8 lina sentimita 244. Kwa herufi za sentimita 25, ukiacha nafasi kidogo pembeni, unapata herufi 12 kwenye mstari, basi. "MBEGU BORA" inaingia. "MBEGU NA MBOLEA" haiingii, labda uongeze bango au upunguze maneno. Hapo ndipo bajeti inapoanzia kweli: kila neno unaloongeza linanunua bati, chuma na ada.

Njia rahisi ya kujaribu: nunua karatasi mbili za manila, kata herufi tatu za jina lako kwa kimo unachofikiria, mpe kijana asimame nazo pale bango litakapokaa. Wewe nenda ng'ambo ya barabara, kisha nenda kituoni. Kwa gharama ya soda moja utajua kama unahitaji futi 8 au futi 5 zinatosha. Shemeji wa Tukuyu alitaka futi 12. Baada ya zoezi hili alichukua futi 6, na hadi leo wateja wanafika.

Hatua ya 2: Ulizia ardhi na ada kabla ya chuma

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote.

Kwenye barabara kuu, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Barabara ya Tanzania–Zambia inayopita Makambako, Igawa, Uyole, Mbalizi mpaka Tunduma ni barabara kuu. Ukichimba nguzo ya bango ndani ya mita hizo 30 bila kibali cha TANROADS, wakala wa barabara kuu, umepanda mti kwenye shamba la mtu. Mitaani, barabara nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na huko nako kuna hifadhi yake. Nenda na mchoro mdogo uliochorwa hata kwa kalamu, uulize.

Wa Mbeya hatuhitaji kuelezwa sana. Upanuzi wa barabara kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, umepita katikati ya biashara zetu. Aliyekuwa na kibao cha kufunga kwa boliti ukutani alikifungua akahama nacho. Aliyemwagia zege nguzo mbili za chuma nene alibaki kutafuta mtu wa kuzikata. Kwa hiyo kama duka lako liko kando ya barabara hiyo, usinunue bango la kusimama chini. Nunua la kufungua. Nasema hivyo hata kama fundi atakuambia la kusimama ndilo lenye hadhi.

Angalia pia jinsi sheria na herufi zinavyokutana: ukisogezwa mita 30 kutoka katikati ya barabara, mteja wako naye yuko mita 30 kutoka kwenye bango. Herufi za sentimita 10 hazina kazi tena.

Kisha ada. Bango la biashara hulipiwa ada kila mwaka, na inahesabiwa kwa ukubwa na aina, si kwa bei uliyonunulia. Lenye taa na lisilo na taa hayatazamwi sawa. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba Julai 2017 ukusanyaji wa ada hii ulihamishiwa TRA kutoka halmashauri. Mambo haya huhama, kwa hiyo usitegemee jirani alivyolipa mwaka juzi. Anza na ofisa biashara wa jiji au halmashauri yako, umtajie vipimo kwa futi, aina ya bango na mahali litakapokaa. Akikupa kiasi, malipo yafanyike kwa kontroo namba, na risiti uitunze pamoja na leseni. Anayekuambia "nipe tu mkononi nitakuandikia" mwache aende. Usidhani pia kwamba maandishi ya ukutani hayahesabiki kwa kuwa hayana fremu. Uliza.

Ukiishajua ada ya futi moja ya mraba, rudi kwenye vipimo vyako. Bango la futi 8 kwa 3 ni futi za mraba 24. La futi 6 kwa 3 ni 18. Tofauti ya futi 6 utailipia mwaka huu, mwakani na mwaka wa kesho kutwa.

Mwisho wa hatua hii ni mwenye nyumba. Mkataba wa pango hausemi chochote kuhusu bango mpaka siku mnapogombana. Mwambie aandike mstari mmoja: unaruhusiwa kutoboa ukuta, na ukihama bango ni lako. (Neno lenyewe hutuchanganya: fremu ni chumba cha duka, na fremu ni mifupa ya bango. Nimewahi kuona karatasi ya bei iliyoandikwa "fremu 150,000" na mwenye duka akadhani kodi imepanda.)

Hatua ya 3: Jina kwanza, bango baadaye

Kama jina la biashara bado hujalisajili, litafute kwanza kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Bango lenye jina la mtu mwingine utalipaka upya kwa pesa yako. Hatua hii ni ya nusu saa tu kwenye simu.

Hatua ya 4: Chagua aina kwa gharama ya mwaka mmoja

Hapa ndipo nina maoni makali. Fleksi ni nafuu siku ya kwanza tu. Imetuzoesha vibaya kwa sababu inachapishwa ndani ya saa moja na ina picha za kila kitu, lakini kwa tangazo la kudumu katika Nyanda za Juu Kusini mimi siipendi. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Tunavaa masweta tukadhani jua letu ni dogo, kumbe miale inayokausha rangi huongezeka kadiri unavyopanda. Wino mwekundu na wa njano ndio unaotangulia kufa. Bluu na nyeusi hubaki. Ndiyo maana utaona mabango ya nyama choma ambayo nyama imekuwa ya bluu. Fleksi ni ya tukio: ufunguzi, punguzo la bei, maonesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale. Ikitumika hivyo haina mpinzani.

Bati bapa lililopakwa rangi ya mafuta na kuandikwa kwa mkono ndilo ninalompendekezea mtu wa duka la kawaida. Liko pole, halina picha, lakini linasomeka. Rangi ikichoka, mwandishi yule yule anapita juu yake bila kuvunja kitu. Tatizo ni kwamba waandishi wazuri wa mkono wanapungua. Mtafute kwa kazi zake, siyo kwa maneno yake. Ukiona shule au gereji yenye maandishi yaliyonyooka, uliza nani aliandika.

Kuandika ukutani moja kwa moja ndiyo bei ya chini kabisa, na upepo hauna la kukufanya. Ukuta uwe na plasta nzuri. Tukuyu na Rungwe kwa ujumla mvua hainyeshi kwa utani, na ukuta usio na baraza huota ukungu wa kijani kwenye maandishi; tenga pesa ya kuosha kila baada ya masika, au mwambie fundi aandike chini ya kivuli cha paa. Na ukihama, maandishi yanabaki.

Stika juu ya bati au juu ya paneli za alumini, zile ambazo mafundi wote huziita Alucobond hata zikiwa za kampuni nyingine, ni daraja la kati. Paneli haipati kutu, jambo kubwa kwetu kwenye ukungu wa asubuhi. Stika za kukata, zenye rangi moja moja, hudumu kuliko stika zilizochapishwa picha. Uliza ni zipi unazopewa, maana bei zake zinatofautiana na jina ni lile lile.

Boksi la taa na herufi za kunyanyuka waachie wenye biashara ya usiku: famasi, hoteli, baa, kituo cha mafuta. Duka la pembejeo linalofungwa saa kumi na mbili jioni linamulika nani?

Halafu kuna bango la bure. Kampuni za soda, za simu na za rangi humtengenezea mwenye duka bango, jina lake likiwekwa chini kwa herufi ndogo. Kwa genge au duka la vinywaji sioni ubaya. Ila uliza maswali mawili kabla ya kukubali: ada ya mwaka analipa nani, na bango likichakaa anayelitoa ni nani? Jibu lake liandikwe. Ndugu yangu wa Makambako alikaa na bango la namna hiyo kwa muda mrefu, na watu wakawa wanaita duka lake kwa jina la soda.

Hatua ya 5: Hesabu upepo

Makambako wanajua upepo. Ni mji ambao ukiweka kofia mezani unaweka na jiwe. Lakini hata Mbeya mjini, Agosti hadi Oktoba vumbi likipanda, bango lako linageuka tanga la ngalawa.

Upepo wa kilomita 72 kwa saa hukandamiza kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 25. Bango la futi 8 kwa 3 ni mita za mraba 2.2, kwa hiyo linasukumwa na kilo 55 hivi. Bango la mita 3 kwa 2 linasukumwa na kilo 150, yaani gunia moja na nusu la mahindi, likigonga, likiacha, likigonga tena usiku kucha. Misumari ya inchi tatu haiwezi. Na vile vidirisha ambavyo mafundi hukata kwenye fleksi "upepo upite" havisaidii sana. Vinachosaidia ni kuanza kuichana.

Kwa hiyo kwenye bajeti andika vitu hivi kwa majina yake: skwea paipu za fremu na kipande cha katikati, boliti za kutanuka za ukutani zisizopungua sita, sahani za chuma za kushikia, praimeri ya kuzuia kutu kabla ya rangi. Hivi ndivyo vitu ambavyo fundi huvipunguza kimyakimya unapomwomba apunguze bei. Ukiomba akupunguzie, mwambie apunguze ukubwa wa bango, boliti aziache.

Iringa na Mafinga mbao na nguzo ni rahisi kwa sababu misitu ya Sao Hill iko mlangoni. Nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa ni chaguo zuri kwa bango la kusimama, na mimi naiona nafuu kuliko chuma. Ya paini isiyotiwa dawa itaozea ardhini na mchwa watakushukuru.

Hatua ya 6: Andika karatasi moja, ipeleke kwa mafundi watatu

Usiende kuuliza "bango zuri shilingi ngapi". Andika vipimo, aina, maneno yote yatakayokuwepo, kimo cha herufi, idadi ya rangi, mahali litakapotundikwa na urefu kutoka chini. Nakala tatu, mafundi watatu. Sasa bei zinaweza kulinganishwa. Usipofanya hivyo, mmoja atakupa bei ya fleksi tupu, mwingine bei ya fleksi na fremu, wa tatu bei ya kila kitu na usafiri, na wewe utamchagua wa kwanza ukidhani ndiye mwenye huruma.

Uliza kila mmoja kama bei ina VAT. Asilimia 18 juu ya laki tano ni elfu tisini, siyo pesa ya kugundua kaunta. Na ukilipa, risiti ya EFD ichukue. Bango ni gharama ya biashara na mhasibu wako ataihitaji.

Uliza pia kuhusu ubunifu. Wengi hutoza pesa ya kuchora kompyutani, na hiyo ni haki yao. Lakini ukishailipa, omba faili uwekewe kwenye flashi au utumiwe kwa barua pepe. Nilipotaka kuchapisha upya fleksi yangu ya ufunguzi, mchapishaji alikuwa amefuta kila kitu, nikalipa kuchorewa mara ya pili jina langu mwenyewe.

Msimu nao una bei. Wiki mbili kabla ya Nanenane, wachapishaji wa Mbeya hawashikiki. Mwaka wa uchaguzi ndiyo usiseme, sura za wagombea zinakuwa zimepanga foleni mbele yako. Na rangi ya mafuta haipendi baridi ya Juni na Julai asubuhi, wala mvua za kuanzia Novemba. Mwezi Mei mvua zikikata, au Septemba, ndiyo miezi yangu.

Hatua ya 7: Weka namba kwenye mizani

Nitatumia namba za mfano ili njia ya hesabu ionekane. Wewe weka za mafundi wako. Ni bango lile lile, futi 8 kwa 3, kwa duka la pembejeo Uyole.

La fleksi: fleksi mita za mraba 2.2, tuseme 27,000. Ubunifu 15,000. Fremu ya mbao 25,000. Kutundika na usafiri 20,000. Jumla 87,000. Mwaka unaofuata fleksi imechoka: nyingine 27,000, kutundika tena 20,000, mbao za kurekebisha 10,000, jumla 57,000. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Kwa miaka mitatu umetumia 201,000, sawa na 67,000 kwa mwaka.

La bati: bati bapa moja la futi 8 kwa 4, tuseme 40,000. Skwea paipu mbili, 44,000 (mzingo ni futi 22 na kipande cha katikati futi 3, karibu mita 7.6, hivyo paipu moja ya mita 6 haitoshi). Kuchomelea 30,000. Praimeri na rangi 30,000. Mwandishi 50,000. Boliti, kutundika na usafiri 25,000. Jumla 219,000. Mwaka wa tatu mwandishi anapita tena kwa 40,000. Likikaa miaka mitano, umetumia 259,000, sawa na 51,800 kwa mwaka.

La kwanza linaonekana nafuu kwa 132,000 siku ya kununua, na ni ghali kwa zaidi ya 15,000 kila mwaka unaopita. Ada ya halmashauri sijaiweka kwa kuwa ukubwa ni mmoja. Iongeze pande zote mbili.

Kama 219,000 huna leo, hiyo siyo sababu ya kununua la 87,000. Andika jina ukutani kwa rangi, weka akiba ya 30,000 kwa mwezi, na mwezi wa nane utatundika bati. Duka langu la pili lilianza hivyo.

Juu ya jumla yoyote uliyopata, ongeza moja ya kumi. Itatumika. Ukuta utagundulika ni wa tofali za kuchoma zisizoshika boliti, au ngazi itakodiwa, au kijana wa bodaboda atakataa kubeba bati la futi 8, na ana haki.

Hatua ya 8: Umeme, kwa mwenye taa tu

Taa za LED za wati 40 zikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 6 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti iliyoko kwenye risiti yako ya LUKU. Kwa bei ya shilingi 350 ni 2,100 kwa mwezi, karibu 25,000 kwa mwaka. Umeme siyo tatizo. Tatizo ni adapta, ambayo hufa kwa maji na kwa umeme kupanda na kushuka. Nunua isiyopitisha maji, iwekwe ndani ya duka, na ununue ya akiba siku hiyo hiyo. Bango lililowaka nusu, "FAMA" bila "SI", ni baya kuliko lililozima.

Hatua ya 9: Soma kwa sauti, kisha lipa

Advansi isizidi nusu, na iwe kwa ajili ya vifaa. Kabla fundi hajachapisha au kuandika, akupe sampuli kwenye karatasi au simu. Isome kwa sauti, herufi moja moja, na mtu mwingine aisome bila wewe kumwambia kilichoandikwa. Namba ya simu ipigeni hapo hapo, kutoka kwenye sampuli, siyo kutoka kichwani. Niliwahi kutoa oda ya kibao ambacho namba ilikuwa na tarakimu tisa. Aliyeikosea ni mimi, niliandika kwa haraka kwenye karatasi.

Na sisi watu wa Nyanda za Juu tuzitazame l na r kwa macho mawili. "Langi", "barabala", "huduma bola" zimepamba mji huu kiasi cha kutosha. Maneno manne au matano yanatosha: jina, unachouza, simu moja. Orodha ya bidhaa ishirini iweke kwenye karatasi ya mlangoni, ambako mtu anasimama na kusoma.

Siku ya kutundika uwepo. Hesabu boliti. Shika pembe ya bango utikise. Likicheza mkononi mwako, upepo utalichezea zaidi. Ukiridhika, nusu iliyobaki ilipe na upewe risiti.

Hatua ya 10: Siku moja kila Mei

Kwenye daftari la matumizi weka mstari wa bango kila mwaka: ada, maji na sabuni, kopo dogo la rangi, ngazi ya kuazima. Mvua zikikata, panda, osha vumbi na ukungu, kaza boliti zote kwa spana, na palipoanza kutu pakwangue upake praimeri kabla ya rangi. Kazi hiyo inaisha kabla ya chai ya saa nne. Ukiwa juu huko, angalia pia kama mti wa jirani haujaanza kuficha herufi ya kwanza, umwombe akate tawi mapema, kabla hajauona mti huo kuwa ndio unaomletea kivuli cha kukalia wateja wake.